Samaki wa Mkwe

Baba yangu hawezi kumkatalia mtu. Nilikuwa nimerudi kwake na begi moja na jino lililovunjika, nikamwomba kitu kimoja tu: mume wangu akija kunichukua, amwambie siendi. Baba akanijibu, "Tutaona, mwanangu," akaenda kulisha samaki wake.

Tangi lake la maji ya chumvi lilijaza ukuta mzima wa sebule. Mama ndiye aliyelianzisha, na tangu alipotutoka, Baba alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Humo alikuwamo samaki wa rangi ya chungwa ambaye Mama alimleta akiwa mdogo kama ukucha. Tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikalia kiti kimoja miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyejua kazi yake.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: samaki mgeni haingii tangini. Kwanza anakaa karantini, peke yake, ndani ya beseni kubwa kwenye chumba cha kufulia, mpaka Baba aridhike kwamba hana vimelea. Baba alikuwa fundi bomba mstaafu, hakuwa na mchezo kwenye mambo ya maji. Hata konokono aliwaweka karantini. Majirani walimcheka, yeye akaendelea kubeba ndoo zake.

Basi Jumapili moja mume wangu akaja. Shati limepigwa pasi, manukato yanatangulia mlangoni, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye maji na samaki wa buluu, mkia wa njano.

"Shikamoo, Baba. Nimekuletea zawadi. Yaliyopita si ndwele."

Baba aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akautazama mlango wa chumba cha kufulia. Najua alichokuwa akiwaza. Mkwe amekuja kutaka suluhu, wewe uchukue zawadi yake mbele ya macho yake ukaiweke karibu na nguo chafu? Haya ilimshika. Akaufungua mfuko, akamtia samaki moja kwa moja kwenye tangi la Mama.

"Karibu, mwanangu," alisema, na hakuwa akisema na samaki. Chai ilipokwisha walikuwa wamekubaliana kwamba nitachukuliwa mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika birika.

Siku chache baadaye Mheshimiwa alianza kujikuna kwenye mawe. Mapezi yake yalikuwa na punje nyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi.

"Baba, tuwatoe wote leo. Tuwatie dawa."

"Mumeo anakuja Jumapili. Akiuliza samaki wake yuko wapi?"

"Mwambie anaumwa."

"Nimwambie mtu zawadi yake imeniletea ugonjwa? Hapana, mwanangu. Si adabu."

Jumapili ilipofika zile punje zilikuwa zimetoweka. Mume wangu akagonga kioo kwa pete yake, akasema samaki wamependeza. "Wazima kabisa," Baba akajibu, na mimi nikatamani kumwaga chai ile sakafuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha nikiwa binti mdogo: kimelea kikishiba huuachia mwili wa samaki, hudondoka mchangani, na huko hupasuka kikawa mamia yanayorudi kutafuta nyama. Punje kutoweka si kupona. Nami nilikuwa na uzoefu wangu wa utulivu wa namna hiyo, kila baada ya kuombwa msamaha.

Punje zilirudi kweli, na safari hii mpaka kwenye mashavu. Samaki walihema juu ya maji kama watu waliotoka mbioni. Sikumwuliza Baba tena. Nilikunja mikono ya gauni, nikawatoa wote kwa wavu, nikawahamishia kwenye beseni. Dawa ya shaba haitiwi kwenye tangi kubwa, ingeua matumbawe na kamba wote. Tangi lilipaswa kukaa bila samaki zaidi ya miezi miwili, vimelea vife njaa. Kwenye beseni niliweka vipande vya bomba wapate pa kujificha, nikatia dawa, nikapima maji kwa kipimo cha rangi na kuilinganisha na kadi yake. Dawa ikipungua haiui kitu, ikizidi inamuua mgonjwa.

Tulikuwa tumechelewa. Wadogo walikufa kwanza. Mheshimiwa alilala ubavu kwenye mdomo wa bomba, shavu moja likicheza, kisha halikucheza. Yule wa buluu alikuwa akila kama yuko harusini.

Baba alimtoa samaki wa Mama, akamlaza kiganjani.

"Nilijua," alisema. "Tangu nilipouona ule mfuko."

"Na mimi je? Uliponiona na jino hili, hukujua?"

"Nilijua, mwanangu."

Afadhali angekana. Asiyejua ningemsamehe.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa mume wangu. Nikaipokea, nikaweka spika, nikampa Baba mkononi. Nilimwamini. Nasema kweli, wakati ule nilimwamini kabisa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Salama tu. Naulizia kesho, kama nije kumchukua."

Baba alinitazama. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Pampu ya hewa ilikuwa ikibubujika kwenye beseni.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Karibu sana. Nyumba ni yako."

Sikupiga kelele. Nilimpimia yule samaki wa buluu dawa yake, maana naye hakuomba kuletwa. Kisha nikachukua begi langu, nikapitia mlango wa nyuma. Baba alinifuata hadi kizingitini, mikono bado imelowa.

"Sasa mumeo akija kesho, nitamwambia nini?"

Hakuniuliza nitalala wapi.