Mshono wa Mara Tatu

Afisa alinipa kiti kabla ya salamu, nikajua hapana jema. Ofisi ile huwaacha watu wasimame mpaka miguu iote mizizi.

"Mama, wewe ndiye fundi cherehani wa pale sokoni?"

"Kama yupo mwingine, amejificha."

Hakucheka. Alitoa kwenye bahasha kiuno cha suruali ya kaki, kimepauka, kimekakamaa kwa jua. Wachunga ngamia waliokota mifupa ya mtu katikati ya jangwa, mwendo wa siku nne kutoka kisima cha mwisho. Hakuwa na karatasi wala simu. Ila ndani ya kiuno palikuwa na mfuko wa siri, na afisa aliambiwa mifuko ya namna ile hushonwa mtaani kwetu.

"Mashine ya kupima mifupa hatuna," alisema. "Ukiitambua kazi yako, tutamleta azikwe kwao. La sivyo, atazikwa hukohuko kwa namba."

Nilikigeuza. Uzi wa nailoni, umepita mara tatu, mwishoni umerudi nyuma mishono minne. Mkono wangu naujua.

Miaka miwili iliyopita vijana kumi na wawili wa mtaa wetu waliondoka pamoja kwenda kuvuka jangwa. Wote niliwashonea suruali kutoka jora moja, na mfuko wa kufichia akiba ndani ya kiuno. Mifuko ya wengine nilipitisha uzi mara mbili. Wa mwanangu wa pekee nilipitisha mara tatu, kimyakimya, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini yule mtoto hakuumbiwa siri! Alikwenda kuwaringia wenzake, na kesho yake suruali kumi na moja zikarudi mlangoni. "Mama, na sisi mara tatu." Nikashona huku nikiwasema, nao wanacheka.

Sasa nikisema ndiyo, maiti mmoja, misiba kumi na miwili. Nikisema hapana, nimemtupa mtu, na pengine ni mwanangu.

"Si kazi yangu," nilisema. "Fundi huyu hajui kushona."

Afisa akaandika.

Nilikuta mama zao wote kumi na mmoja, waliokwisha kusikia habari ya mifupa, wakinisubiri mlangoni pa kibanda changu. Nikawaambia si mtoto wetu. Walinikumbatia, wakapiga vigelegele. Nililia, wakadhani ni furaha, na kwa kitambo niliwachukia wote.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Pacha, ambaye mmoja wa pacha wake aliondoka na mwanangu. Mkononi alikuwa na suruali.

"Shoga, huyu wa pili naye anaondoka wiki ijayo. Nilikuwa nimemkatalia, lakini kwa habari yako ya jana moyo umetulia. Mshonee mfuko kama wa nduguye. Mkono wako una baraka."

"Mzuie, shoga. Asiende."

"Wako ulimzuia?"

Ningemwambia ukweli ningemuua, na mimi ningekufa naye. Niliketi kwenye cherehani, nikatoa uzi wa kaki, nikatunga mwekundu.

"Mbona mwekundu?"

"Ule mwingine umeisha."

Nikaupitisha mara tatu, polepole. Safari hii wakiniletea kipande, nitajua ni cha mtoto wa nani.