Fundi wa Nyuma

"Nipime basi, baba. Mbona umeganda?"

Binti alikuwa ameshainua mikono, anacheka. Kitambaa cheupe cha harusi kilikuwa kimetandazwa mezani. Baba yake alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma.

"Ngoja shangazi yako arudi. Katoka kununua vifungo."

"Shangazi akianza soga huko, harudi leo. Halafu mimi nataka wewe. Nataka niseme gauni langu kalishona baba yangu, kuanzia kupima mpaka pindo la mwisho. Tepu iko wapi?"

Hakuwa na tepu. Tangu atoke gerezani hakuwahi kuwa nayo, alipima vitambaa kwa rula ya mbao. Duka lilikuwa la dada yake. Dada alipima wateja mbele, akavisoma vipimo kwa sauti, na yeye akakata na kushona nyuma ya pazia. Wateja walimwita Fundi wa Nyuma. Wengine walisema ana haya, wengine wakasema anaringa, na wote walirudi kwa sababu nguo zake zilikaa vizuri mwilini.

Hukumu yake ilikuwa na sehemu mbili. Kifungo alikimaliza. Ile ya pili haikuwa na mwisho: asimpime mwanamke wala mtoto, asikae na mteja wa kike mlango ukiwa umefungwa, na kila mwezi ajitokeze kituo cha polisi aeleze analala wapi na anafanya kazi gani. Hakimu hakusema "isipokuwa mwanao."

"Si hii hapa!" alisema binti. Dada, kwa haraka zake, alikuwa ameisahau tepu juu ya cherehani. Binti akaichukua, akamnyooshea.

Mkono ulikwenda wenyewe. Vidole vilipoigusa akaiachia, kana kwamba ameshika pasi ya moto.

"Siruhusiwi," alisema.

"Na nani?"

"Mahakama."

Binti akaangua kicheko. "Mahakama gani inamkataza mwizi kupima nguo? Baba, hayo yamekwisha. Hata wakwe nimewaambia. Nimewaambia uliiba wakati hatuna chakula ndani. Unajua baba mkwe alisemaje? Huyo ndiye mwanamume."

Akatamani ardhi ipasuke. Huo wizi wa kubuni alipewa na dada yake, wakati binti alipoanza kuuliza baba yuko wapi. Yeye alipotoka akaukuta unamtosha, akauvaa. Hakujua kwamba mtoto ameutia nakshi kiasi hicho.

Angeweza kumpima. Ni kazi ya dakika chache, pazia limeshushwa, na hakuna anayeona. Hakuna anayeona: ndivyo alivyojiambia siku ile pia.

"Sikuiba, mwanangu."

"Nini?"

"Sikuiba kitu." Aliongea akiitazama meza. "Alikuja mteja, msichana wa rika lako hivi. Kaja kupimwa gauni. Nikafunga mlango. Akasema hapana, akalia, na mimi sikumwacha. Ndicho nilichofungiwa. Shangazi yako alikuficha kwa kukuhurumia, na mimi nikajificha humo humo."

Mikono ya binti ilikuwa bado imeinuliwa nusu. Ikashuka taratibu, kisha akaikunja kifuani, akajifunika nayo. Mbele ya baba yake mzazi. Miaka yote gerezani haikuwahi kumwaibisha hivyo.

"Na yeye aliinua mikono?" binti aliuliza. "Kama mimi hivi?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Siruhusiwi kumtafuta."

Binti alilivuta pazia likafunguka lote, akaenda mbele, akaufungua mlango wa duka hadi mwisho. Alisimama hapo akiutazama mtaa, akijifuta machozi kwa kiganja. Baba alijua kwamba baba yeyote mwingine angemfuata. Yeye alibaki nyuma ya meza.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Aliiokota tepu sakafuni, akasimama mbele ya kioo cha wateja.

"Kitambaa kimeshanunuliwa," alisema. "Andika."

Akajizungushia tepu kifuani. Kutoka pale mezani, baba aliona imejisokota mgongoni.

"Imepinda huko nyuma, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Binti akapeleka mkono, haukufika. Akajaribu kupitia juu ya bega. "Sasa?"

"Bado."

Kuinyoosha kulitaka vidole viwili tu. Alivifumba ndani ya ngumi.

"Basi usinitazame."

Akageuka, akatazama ukuta. Binti akasoma vipimo kimoja kimoja, na yeye akaviandika kwa chaki pembeni mwa meza, pamoja na kile cha kifua alichojua si sahihi. Kisha akasikia tepu ikiwekwa juu ya kaunta, na viatu vikielekea mlangoni.

"Wakwe nitawaambia nini?" binti aliuliza kutoka kizingitini. Akaondoka.

Mlango ulibaki wazi. Fundi alikitandaza kitambaa upya, akachora mstari wa mshono kufuata kipimo alichopewa. Nje ya mstari huo akaacha akiba ya kitambaa pana kuliko alivyowahi kuacha maishani mwake, ili fundi mwingine, yeyote atakayemvalisha binti, apate mahali pa kulipanulia gauni.