Chupa Tatu za Bi Tafiti

Na ijulikane kwa wafalme, mawaziri na kila mwenye masikio kwamba nchi ya Ung'avu ilikuwa tukufu kuliko nchi zote chini ya jua, ila kwa jambo dogo tu: samaki wake walikuwa wanakwisha. Kila asubuhi raia walijitazama katika Ziwa Kioo kabla ya kusalimiana, na ili nyuso zao zisitiwe doa, Mfalme Nadhifu aliuziba mlango wa Mto Rutuba kwa mikeka ya matete, tope lisipite.

Bi Tafiti, mvuvi wa dagaa, aliichana mikeka hiyo mchana kweupe. Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini.

"Umelichafua ziwa, mama," alisema Kadhi Haraka.

"Nimelilisha, mheshimiwa. Majini mna vijimea vidogo mno, jicho halivioni mpaka viwe vingi na maji yageuke kijani. Mto huvipa chakula, jua huvipa nguvu, dagaa huvila."

"Na tope je?"

"Likizidi kuvurugika huziba jua, navyo hufa gizani na chakula mdomoni."

Kadhi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kudadisi kitu, alijikuta anadadisi. Chupa tatu zikawekwa juani siku kumi: moja ya maji ya ziwa, ya pili ya maji ya mto yaliyoachwa yatuame, ya tatu ya mto vilevile, ikitikiswa mchana kutwa na karani wa mahakama, aitwaye Mwaminifu.

"Ya pili pekee itakuwa kijani," alisema Bi Tafiti. "Nikikosea, nafunga mzigo mwenyewe."

Siku ya kumi, chupa ya ziwa ilikuwa angavu kama ilivyochotwa. Ya pili ilikuwa kijani. Ya tatu nayo ilikuwa kijani.

Kadhi akachovya kalamu aandike hukumu. Bi Tafiti aliinama, akaona tope limelala tuli kitakoni mwa chupa ya tatu.

"Karani, mwanangu, uliitikisa hii?"

"Kwa moyo wote, mama."

"Na kwa mkono?"

Wasomaji watukufu, karani huyo ni mimi. Nilitikisa siku mbili. Ya tatu nikalala kivulini, na usingizi ukawa mtamu hadi ya kumi. Nilikiri mbele ya baraza zima, na kadhi akaiweka kalamu chini.

Siku hizi mto hupitia kwenye mafunjo, huacha tope humo, huendelea na chakula. Mafunjo hayo nimehukumiwa kuyapanda mimi, na Bi Tafiti amekaa papo hapo, ananitazama.