Leseni Ukutani

Leseni Mbeti aliijua. Miaka kumi na tisa ya kuuza mboga za sukuma wiki mbele ya nyumba yake, Kariobangi Kusini, ilimfundisha kwamba leseni iliyofichwa sandukuni si leseni. Askari wa kanjo, yaani baraza la jiji, akiingia kibandani, macho huenda ukutani kwanza, ndipo yaje kwako.

Basi ile Januari ya mwaka wa tisini na nane, kompyuta ilipoletwa nyumbani ingali inanukia plastiki, binti yake Kavindu alimwonyesha kikaratasi kinachong'aa ubavuni mwa mashine. "Mama, usikiguse hiki. Ndiyo leseni yake." Mbeti alishika neno la mwisho tu. Leseni, halafu inatazama pazia? Kesho yake Kavindu akiwa kazini, alikibandua polepole kwa kisu cha sukuma, akakibandika kibandani kando ya leseni ya kanjo. Kilipendeza. Hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

Pasaka, Nthoki, dada yake Mbeti, alikuja kutoka Kangundo kutafuta hospitali. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini nyimbo za mama yao za kusagia mtama alikuwa nazo zote kifuani. Jioni tatu aliimba, Kavindu akipiga chapa. Mbeti mwenyewe alikumbuka nne tu, nazo nusunusu. Mwezi wa sita wakamzika Nthoki. Nyimbo zote kumi na moja zikabaki mle ndani ya kompyuta, zikingoja kuchapishwa kwa ajili ya ukumbusho wake wa Agosti.

Mwisho wa Julai stima zikapotea na kurudi mara tatu mchana mmoja. Kompyuta ikawaka, ikaandika mstari mmoja mweupe, ikanyamaza.

"Imesema nini?"

"Imesema haioni kitu ndani yake."

"Haioni vipi, na vitu tumeweka sisi?"

Kavindu akatia ile CD iliyokuja na kompyuta. Akasoma, uso ukambadilika. "Mama, hii ikitengeneza inafuta kila kitu. Kompyuta inarudi vile ilivyokuwa dukani."

"Dukani Nthoki hakuwa ameimba."

"Ndiyo hivyo. Na kabla ya kufuta, inataka namba ya leseni." Akaligeuza sanduku la kompyuta, akapapasa ubavuni. Gundi kavu na vumbi. "Mama. Kile kikaratasi kiko wapi?"

Mbeti akajifuta mikono kwa leso, ingawa haikuwa na maji. "Kiko kwa leseni zingine."

Kule kibandani Kavindu alicheka mpaka akachutama. Kisha akaacha kucheka. Maji ya kunyunyizia mboga tangu Januari yalikuwa yamezila tarakimu za mwisho.

"Hii ni nane ama ni B?"

"Mimi naona matumbo mawili," Mbeti akasema.

Wakaenda kupiga simu dukani kutoka kibanda cha simu karibu na kanisa, Mbeti ameegesha sikio. Sauti ya msichana wa duka ilikuwa tamu sana. Kilichomo ndani si chenu, mmepewa leseni ya kukitumia tu. Kikaratasi kikishabanduliwa hatukitambui. Nyimbo hazituhusu. Na mkikata ile stika ya duka iliyofunga sanduku kwa nyuma, waranti yenu ya kutengenezewa bure imekufa.

"Kwa hivyo tulinunua nini?" Mbeti akauliza njiani.

"Sanduku."

"Na ndani?"

"Ruhusa."

"Ya nani?"

Mbeti akatembea akiwaza: ofisi ya kanjo angalau aliijua iko wapi.

Wakalifunga sanduku kwa shuka, wakampelekea Kisilu, fundi wa redio aliyekuwa ameanza kugusa kompyuta. Akaligeuzageuza, akamwambia Mbeti kama bibi yake: "Shosh, humu ndani kuna kitu kama kitabu cha chuma. Nikikitoa nikitie kwa mashine yangu, nyimbo tutazisoma. Lakini hii stika lazima ikatwe."

"Waranti imebaki miezi mitano," Kavindu akasema. "Ikiharibika tena nitaenda kwa nani?"

"Basi weka CD yako, ifute."

Nje mtu aligonga mabati. Mbeti ndiye aliyeuliza, taratibu, kama anayeuliza bei.

"Kavindu, hao wa duka, kwa hiyo karatasi yao ya waranti waliandika jina la Nthoki?"

"Hapana."

"La mama yangu?"

"Hapana, Mama."

Akatoa kisu cha sukuma kwenye kiondo.

"Pole pole, shosh," Kisilu akasema, akirudi nyuma. Stika ikakatika kwa mkato mmoja.

Kitabu cha chuma kikahamia mashine ya Kisilu; kioo chake kilipowaka, zikaja safu za majina asiyoyajua, kisha maneno anayoyajua. Mbeti akayafuata kwa kidole, midomo ikicheza.

"Na hii mashine yako," akamuuliza Kisilu bila kugeuka, "leseni yake iko ukuta gani?"

Kisilu akakohoa, akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Nitakuwekea kwa diski, Mama," Kavindu akasema.

"Weka. Mimi nipe kalamu."

Darasa la tatu, alikoishia shule, ndilo lililomwachia herufi zake, nazo zilitembea kwenye karatasi ya sukari kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Kavindu akamsomea, wimbo mmoja baada ya mwingine, Kisilu akisubiri kufunga karakana. Walipofika wimbo wa nane, Mbeti akaandika namba yake: matumbo mawili. Akaitazama kwa mashaka.

"Hii ni nane, sivyo?"

"Ni nane, Mama."

"Haya. Soma."