Kabati la Vioo la Bwana Thuo

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Wahu alifungua kabati la vioo la Bwana Thuo, akatoa vichezeo kimoja kimoja, akavipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kabati lilikuwa sebuleni, katika nyumba ya Loresho ambayo Mzungu wa kahawa aliiacha pamoja na mapazia yake. Ndani mlikuwa na magari ya waya kumi na moja, pia za mbao za kuzungusha, lori la mkebe wa mafuta ya taa, na mipira ya majani ya migomba iliyokauka ikawa migumu kama viazi vibichi. Kwenye rafu ya katikati alikaa mwanasesere wa gunzi la hindi, amevikwa kipande cha gauni la maua ya samawati. Wahu alimpangusa huyo mwisho, tena upesi. Mwaka ulikuwa 1973.

Bwana Zachariah Thuo alikuwa na miaka thelathini na alishakuwa mkubwa wizarani, mwenye dereva na makatibu wawili. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: alivipenda vitu vya utotoni mwake kufa na kupona. Wenzake wakienda kula mchana, yeye aliteremka River Road hadi dukani kwa Shamsudin, mtu wa Lamu aliyeuza vitu vikuukuu, akarudi ofisini na manati au gari la waya limefungwa kwenye gazeti.

Lakini vile vizuri hasa hakuvinunua. Vilitoka kwenye gunia aliloachiwa na babake, na babake, ili tusifichane, alikuwa chifu wa Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini. Siku zile watu walipotolewa makwao wakarundikwa kijiji kimoja ndani ya ua wa miba, askari walisema watoto wanapitisha risasi ndani ya vichezeo. Basi kila mtoto aliyepita langoni alinyang'anywa alichoshika. Risasi haikupatikana hata moja, na gunia lilipelekwa kwa chifu, ambako mwanawe alikaa akachagua alivyovitaka. Kwa hiyo Bwana Thuo alipowaambia wageni kwamba alivichezea utotoni, hakuwa akisema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi mimi.

Shamsudin alimwonya siku alipomuuzia vioo vya kabati. "Vitu vya watoto ukivifungia, bwana, wenyewe huja," alisema. "Usijisumbue nao. Waache nje." Akamuuzia na kufuli.

Wakaja kweli. Jumapili ya kwanza saa kumi alasiri alifika Kihara, wa miaka sita, kuuliza gari lake la waya. Kihara huyo huyo, wa miaka ishirini na mitano, alikuwa karani mjini, na Jumatatu Bwana Thuo alimpigia simu aje achukue utoto wake langoni. Kihara aliomba radhi. Alikuwa akikaa chumba kimoja na mke na shemeji, hana pa kumweka. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ile nafasi ya kazi wizarani aliyoiomba bado iko.

Jumapili iliyofuata walikuwa watano, kisha tisa. Mwololo, mlinzi wa langoni, aliwaandika wote katika kitabu cha wageni: jina, umri, na alichofuata. Hawakula, hawakunywa, hawakupiga kelele. Walisimama nje wakitazama dirisha la sebule mpaka jua liliposhuka, wakaenda zao. Wageni wa chai waliwapenda sana. Ephantus, mwenzake Bwana Thuo wa wizarani, alisema ameona mikusanyo mingi huko ng'ambo, lakini huu ndio wa kwanza kuuona ukija na wenyewe.

Jumapili ya sita Mwololo alikuja mlango wa jikoni.

"Wahu," alisema. "Wewe umekuja. Uko hapa kwa geti."

Wahu alikung'uta unga mikononi akaenda. Alijiona mwenyewe amesimama pale, wa miaka saba, kichwa kimenyolewa, miguu mitupu. Mbeleko ilikuwa imefungwa kifuani kama ya mama mwenye mtoto, lakini mgongoni hamkuwa na kitu.

"Mama," mtoto alimwambia kwa adabu, "umemwona Njambi?"

"Njambi gani?"

"Mtoto wangu. Nilimpa jina la mama yangu. Mama amesema nimshike vizuri mpaka arudi, na askari amemchukua."

Wahu hakuhitaji kusimuliwa. Mama yake ndiye aliyekata upindo wa gauni lake akamvika mwanasesere yule. Siku ya nne akapakiwa kwenye lori na wanawake wengine kupelekwa kizuizini, na akazikwa huko huko. Habari zilimfikia Wahu akiwa na miaka tisa. Huyu wa miaka saba alikuwa bado hajazipata.

Msimlaumu haraka. Ni kweli, alikuwa amempangusa mwanasesere huyo miezi minane, tangu kabla kabati halijatiwa vioo, na kufyata ulimi. Mngetaka aseme nini? Alikuwa na chumba cha nyuma, kitanda, na chakula, na kule Kangemi walikuwako wanawake wengi wa kuukamata ufagio wake kabla haujaanguka chini. Lakini jioni ile roho ilimuuma kweli kweli. Alipeleka chai sebuleni, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Mzee, yule mwanasesere wa maua ni wangu," alisema. "Naomba nimpe yule mtoto."

Bwana Thuo hakukasirika. Alikunja gazeti.

"Wako kwa namna gani, Wahu? Mimi nimelala naye. Nilipougua surua alikuwa kwa mto wangu, na mama alikuwa akimwekea uji kidogo kwa kisahani. Wewe ulikaa naye muda gani?"

"Siku nne."

"Sasa unaona," alisema Bwana Thuo, kwa upole kabisa. Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya, wote waliomjua walisema hivyo. "Wacha tufanye hivi. Jumapili mwingize ndani, amshike saa moja. Wageni watafurahi. Lakini akimaliza ni wewe utamchukua mwanasesere, mimi sitaki kuliza watoto."

Wahu alisema asante. Wiki nzima aliihesabu hiyo saa moja kuwa ni kitu.

Jumapili alimnawisha mtoto miguu kwenye bomba la bustani, akamwingiza. Wageni walikuwa wameketi, Ephantus amekuja na kamera. Wahu akafungua kufuli, akamtoa Njambi, akampa. Mtoto hakucheka wala hakulia. Alimtia kwenye mbeleko, akamrusha mgongoni, akamfunga vizuri, akaanza kuyumba taratibu akimbembeleza, kana kwamba hakuna mwingine nyumbani. Mgeni mmoja alisema angependa kuwa na binti kama huyo. Wahu alipitisha keki.

Ilipotimia saa kumi na moja Bwana Thuo aligusa saa yake. "Wahu."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na ng'ambo yake bustani, na ng'ambo ya bustani ua wenye pengo ambalo Wahu mwenyewe alilipitia akienda dukani. Hakuna aliyeuzuia. Wahu aliutazama, kisha akapiga magoti mbele ya mtoto na kusema lete. Mtoto alimtoa mwanasesere mgongoni, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Wahu akaanza kumbandua vidole. Mtu mwingine angehangaika, lakini yeye alijua kidole kipi huachia kwanza, kwa sababu mkono ulikuwa wake. Haikuchukua hata dakika.

"Na hiyo mbeleko pia," alisema Bwana Thuo. "Sikujua alikuwa na mbeleko yake. Gunia halikuwa nayo."

Wahu akaifungua mbeleko, akaikunja mara nne, akaiweka rafuni chini ya Njambi. Akafunga kufuli. Ephantus alisema sasa mkusanyo umekamilika, na wengine wakaitikia. Bwana Thuo alimsogelea Wahu akamnong'oneza ahakikishe msichana harudi kusimama nje na wale wengine. Awe anakuja ndani kila wiki, wageni wamempenda.

Wahu alimsindikiza mtoto hadi langoni. Mtoto alitembea amejikunyata kidogo, kwa sababu ya mgongo kuwa wazi.

"Mama," aliuliza, "mama yangu akirudi akiuliza nilimweka wapi Njambi, nitamwambia nini?"

"Mwambie yuko hapa."

"Na mama atarudi lini?"

Wahu alitazama nyuma, nyumbani, ambako walikuwa wakimwita alete maji ya moto.

"Jumapili," alimwambia. "Njoo Jumapili, utampata."