Masufuria Mlangoni kwa Giles

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulikuwa unaburuta sanduku lako la magurudumu juu ya changarawe, yeye anatoka mlango wa nyuma na ndoo na ufagio ili wewe uingie mlango wa mbele, na macho yako yakakimbilia kwa kondoo. Kondoo wa huku Herefordshire, Uingereza, hutazamwa sana. Sijaona mnyama mwingine anayependwa hivyo na watu wenye kitu cha kukwepa.

Anaitwa Winifred Gwilliam, sisi humwita Win. Keki ya asali uliyoikuta mezani, ile uliyoipiga picha kabla ya kuikata, aliioka yeye. Shuka ulizolalia alizipiga pasi yeye. Nawe uliporudi kwenu ukaandika kwamba kijiji chetu cha Brockhope kina utulivu wa ajabu. Ni kweli kabisa. Mahali palipoondolewa watu huwa pametulia.

Mimi nakumbuka kelele zake. Nakumbuka nyundo ya mhunzi, na watoto, na wanawake wakigombana foleni ya posta. Kisha Giles Haverell akaja, akanunua shamba zima na nyumba zake zote kutoka kwa warithi wa bwana wa zamani aliyekuwa mwenye ardhi. Nyumba ya kwanza kufanywa ya likizo ilikuwa ya mhunzi, naye akaipa jina: Kwa Mhunzi. Ikafuata Shule ya Zamani, ambamo nilichapwa viboko kwa kuuliza ardhi ni ya nani, na ambamo sasa pana beseni la maji moto pale ilipokuwa meza ya mwalimu. Ikafuata Posta. Huku kwetu nyumba hupewa jina la kitu baada ya kitu hicho kufukuzwa ndani yake.

Iliyobaki na mtu ndani ni ya Win tu. Mimi usinihesabu, naishi nyumba za halmashauri kule juu, ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzipiga picha. Win alizaliwa katika nyumba ile, akazalia humo, na mumewe alitolewa humo kwenda kuzikwa. Mwezi wa kumi Giles akampelekea notisi. Mahakama ikatia mhuri. Jumanne hii madalali wa mahakama wanakuja kumtoa. Halmashauri imempatia chumba ghorofa ya tatu mjini Hereford. Giles, ambaye ni mtu mwema, kila mtu atakwambia hivyo, alimhakikishia kwamba kazi ya usafi hataipoteza, atakuwa anakuja kwa basi. Basi letu lilifutwa zamani. Giles hajui, kwa sababu hajawahi kulingoja.

Wiki ya Krismasi nilimkuta Win jikoni akifunga mitungi ya jemu kwa vitambaa, zawadi za wageni.

"Umemwambia nini Giles?" nikamuuliza.

"Nimemwambia asante."

"Asante ya nini?"

"Alikuja mwenyewe, Len. Angeweza kutuma mtu. Na mvua ilikuwa inanyesha."

"Anakutoa kwenye nyumba uliyozaliwa, wewe unamshukuru kwa kulowa?"

"Usianze. Kunywa chai yako. Wewe tangu utoto ukiingia mahali lazima kiti kianguke."

"Nijibu kimoja tu. Unataka kuhama?"

Akafuta mtungi ambao ulikuwa safi tayari. "Sitaki," akasema. "Lakini sitaki pia kusumbua watu."

Nusu ya makaburi ya kaunti hii yangeweza kuandikwa maneno hayo, tukaokoa gharama za kutafuta mengine.

Sasa, Januari huwa tunaamsha miti. Tunakwenda kwenye shamba la mitufaha giza linapoanza kuingia, tunawasha mioto midogo kumi na miwili na mmoja mkubwa, tunamwagia pombe ya matufaha kwenye mizizi ya mti mkongwe kuliko yote, tunatundika mkate wa kuchoma matawini. Kisha tunapiga masufuria na bunduki mpaka miti iamke na mabaya yote yakimbie. Babu zangu walifanya hivyo kwa sababu bila matufaha wangekufa njaa. Giles anafanya hivyo kwa sababu Januari nyumba hazipangishiki. Amewauzia wageni wikiendi nzima: malazi, kifungua kinywa na sisi.

Colin Preece alikuja kuniita. Colin ndiye mwenyekiti wa baraza la kijiji, na ndiye mwenye bunduki.

"Len, mzee wangu, njoo ubebe masufuria kama kawaida. Ila mwaka huu tafadhali, siasa uiache nyumbani. Wageni wamelipa."

"Wamelipia nini, Colin?"

"Sisi," akasema. Kisha akasikia alichokisema, akaanza kukohoa.

Hapo ndipo nikamwambia habari ya bibi yangu. Bibi alinisimulia kwamba zamani masufuria hayakuwa ya miti peke yake. Bwana mwenye ardhi akimtupa mjane nje, au mume akizidisha mkono kwa mkewe, kijiji kilikusanyika mlangoni kwake jioni na kumpigia kelele za aibu. Masufuria, ndoo, mapembe, chochote. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusema neno. Huelezi, hutukani, hutaji jina. Unapiga tu, mpaka mwenye kosa atoke na kurekebisha alichoharibu.

"Bila kusema neno," Colin alirudia, na nikaona uso wake unafunguka. Ulikuwa uasi wa kwanza aliowahi kuusikia ambao haukuhitaji adabu mbaya. "Hilo tunaliweza."

Na kweli tuliliweza. Nilipita nyumba za halmashauri zote, na hata wale ambao miaka yote hukaa kimya mikutanoni walikubali, kwa kuwa hapa walikuwa wanaombwa wakae kimya. Jumamosi jioni tuliamsha miti vizuri kuliko kawaida. Wageni walikuwa kama thelathini, wamevaa mabuti mapya ambayo hayajawahi kukutana na samadi. Win alitundika mkate mtini kwa mkono wake. Bunduki ikalia, wageni wakapiga makofi. Kisha, badala ya kwenda kunywa, tukageuka na masufuria yetu, tukashuka njia ya shamba mpaka mlangoni kwa Giles.

Tukapiga. Jamani, tulipiga. Miaka ya shule, ya basi, ya posta, yote ilikuwa kwenye vile vijiko. Colin alikuwa anapiga kikaango cha marehemu mama yake na machozi yanamtoka. Na wageni, ambao hatukuwaalika, walitufuata wote na simu zao juu.

Bibi mmoja wa kutoka London, mwenye skafu ya manyoya, akaniinamia sikioni. "Nzuri sana hii. Huwa mnafanya kila mwaka?"

Nikashika sheria. Sikujibu.

"Hawaruhusiwi kuongea," akamweleza mumewe. "Ni sehemu ya mila."

Mlango ukafunguka. Giles akasimama pale kwenye mwanga na sweta lake, akatutazama, na kwa nukta moja niliona kwamba anaogopa. Ningeapa mahakamani. Kisha akawaona wageni wanavyotabasamu, naye akatabasamu, akarudi ndani, akatoka na sinia la vikombe vya pombe ya matufaha iliyochemshwa kwa karafuu.

"Ndugu zangu, hamkuniambia," akasema. "Mmenishtua kweli. Tuifanye kila mwaka, eh?"

Hapo ndipo utaona kosa letu. Zamani mwenye kosa alilijua kosa lake, kwa hiyo kimya chetu kilimtosha. Huyu amesoma shule ambazo hawafundishi jambo hilo. Na sisi, watu tunaoomba radhi tukikanyagwa mguu, tuliiona sheria ya kutosema neno kuwa neema. Nikavunja sheria.

"Giles, acha vikombe. Tuko hapa kwa sababu ya Win. Unamtoa nyumbani kwake Jumanne."

Wageni wakapiga makofi kwa nguvu zaidi. Mmoja akapiga mluzi. Giles akanipiga bega na kuninong'oneza, "Umeigiza vizuri sana, mzee."

Nikawageukia wenzangu. Colin alikuwa ameshashika kikombe. Kuna mwingine alikuwa anauliza kama karafuu ni za Zanzibar.

Ndipo Win akaweka sufuria lake chini, taratibu, lisigonge jiwe. Akasogea mbele na aproni yake.

"Bwana Giles," akasema, "samahani kukusumbua. Mimi sitaki kuondoka."

Hakupaza sauti. Lakini bibi mwenye skafu akashusha simu. Kisha mumewe. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hata mtu wa likizo anajua sauti ya mtu asiyeigiza.

"Bi Win," Giles akasema, "hayo tutayazungumza. Siyo mbele ya wageni."

"Umesema hivyo tangu mwezi wa kumi," Win akamjibu. "Mimi nimezaliwa mle. Sitatoka kwa miguu yangu. Samahani."

Giles akaingia ndani na sinia lake, akafunga mlango. Wageni wakarudi kwenye nyumba zao zenye majina mazuri. Jumapili wakaondoka mapema, na wawili watatu kati yao walimwachia Win maua mezani, ambayo ilimbidi ayatoe ili asafishe meza.

Amri ya mahakama haijafutwa. Giles hajapiga simu popote. Win amewasha jiko lake asubuhi ya leo kama kawaida na kufunga mlango kwa ndani, na hii ni mara ya kwanza maishani mwake kutumia komeo lile.

Kwa hiyo sina haja ya huruma yako, wala usiniletee sufuria. Madalali wanakuja Jumanne saa tatu asubuhi, kwa njia moja nyembamba ambayo magari mawili hayapishani. Ukiwa na gari, liegeshe pale saa mbili, uzime, uweke ufunguo mfukoni. Kama huna, njoo kwa miguu usimame mlangoni kwa Win. Na wakikuuliza unafanya nini hapo, wajibu kwa sauti, kwa jina lake na jina la Giles, mpaka waelewe. Kama umeshalipia nyumba ya Brockhope kwa Pasaka, mpigie Giles sasa hivi, kabla hujaweka karatasi hii chini, umwambie huji, na umwambie kwa nini.