Kanuni Mbili za Levi

Levi aligundua kosa lake Jumanne asubuhi, ofisini Homa Bay, chai haijapoa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Fundi mzima wa mitambo ya simu, miaka tisa kazini!

Mtambo wao ulikuwa na kanuni mbili za kupitisha ujumbe. Ya zamani huuliza kwanza kama mwenye namba amehamia mtandao mwingine na namba yake. Ya pili aliitunga Levi mwenyewe: ujumbe wa namba za mpakani ushike njia ya peke yake, usinaswe na minara ya Tanzania. Kila moja ilijaribiwa, ikafanya kazi. Kuzijaribu pamoja ndiko hakukufanyika, na Levi, bwana mkubwa, kwa kujiamini akaitanguliza yake.

Basi ujumbe wa mtu wa mpakani aliyehamia kwao ukawa unapelekwa, kabla ya kuulizwa kama amehama, kwenye mtandao aliouacha. Huko wanasema huyu si wetu, wanaurudisha. Mtambo unaurusha tena, unarudi tena, mpaka unatupwa. Na mtumaji anaandikiwa kwamba umefika.

Hapo ndipo alipomkumbuka Nyangi wa Kegonga, kule mpakani. Mjane huyo alihama mtandao lakini akabaki na namba ya marehemu mumewe, kwa sababu wapo watu waliojua hiyo tu. Mara mbili alisafiri hadi duka la kampuni mjini Migori, siku ambayo Levi husikiliza malalamiko, kuuliza mbona ujumbe wa kliniki ya macho haumfikii. Kliniki inasema imetuma. Mtoto wa jicho anazidi kumfunika, na tarehe za upasuaji zinapita.

Na Levi alimjibuje? Mbele ya foleni nzima, bila hata kumtazama: "Mama, network iko sawa. Uliza watoto kwa nyumba, hao ndio hudelete message."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka.

Kuzipanga upya kanuni kulimchukua dakika nne. Angeweza kumpigia Nyangi simu yakaisha, lakini aliona haya kujificha huko, akafunga safari hadi Kegonga.

Alimkuta akichambua maharage kwa kupapasa. Levi alieleza yote, hakuusingizia mtambo. "Kosa ni yangu, mama. Simu yako haikuwa na shida. Kliniki nimeongea nao, wamekupea Jumatatu."

Mikono ya Nyangi ilisimama. "Kwa hivyo hakuna mtu alidelete?"

"Hakuna."

"Nilimchapa msichana yangu, Dorine. Mara mbili. Ile ya pili aliapa na jina ya baba yake, na bado nikamchapa."

Levi alikosa pa kuweka uso. "Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe." Akageukia jikoni, akaita. Msichana wa miaka kama kumi na mitatu akatoka, unga mikononi, akasimama mbali na mama yake.

"Huyu ndiye mtu ya network," Nyangi alimwambia. "Ako na kitu ya kukuambia. Akimaliza, na mimi niko na yangu."